Ukurasa Uliouliza Hali

1

Jumatatu, saa mbili na robo asubuhi, niliona kwamba ukurasa wetu wa Kitervenia umekuwa wa kwanza kwenye Osk, na mikono ikaanza kunitetemeka. Mwingine mwenye kazi kama yangu angepiga vigelegele na kuwanunulia wenzake soda. Mimi nilikiweka kikombe cha chai chini taratibu, nikafunga mlango wa ofisi, nikarudi kutazama kama nimesoma vibaya. Sikuwa nimesoma vibaya. Mtu yeyote nchini Tervenia aliyetafuta neno mapafu, au kikohozi, au hata usingizi, alituona sisi wa Lushoto kwanza, kabla ya hospitali za kwao.

Naitwa Zaina Shemndolwa, na kazi yangu ni kufanya kurasa za watu wa hapa zionekane mbali. Tangu mtandao ugawanyike, kila lugha ina mlango wake na injini yake ya kutafutia, na ukitaka mgeni wa lugha fulani akuone, huna budi kumpendeza bawabu wa mlango huo. Mmoja anataka ukurasa ufunguke haraka. Mwingine anakataa tafsiri ya mashine, anataka uandikiwe na mtu aliyezaliwa ndani ya lugha. Wote wanataka kila ukurasa uwataje ndugu zake wa lugha nyingine, wasije wakadhani tumejiibia maneno yetu wenyewe. Nimewajua mabawabu hao kama mtu anavyomjua mama mkwe, yaani kwa kukosea kwanza.

Mwajiri wangu ni Ushirika wa Hewa Magamba. Tuna nyumba tisa pembeni ya msitu, kila moja na vitanda viwili, na tunapokea wagonjwa wa mapafu kutoka nchi ambazo hewa yake imeshachafuka kiasi cha kutotamanika. Kurasa zetu zilikuwa za lugha saba. Kitervenia kilikuwa cha nane, tulikifungua mwezi mmoja kabla ya Jumatatu hiyo, na Osk ndiyo injini pekee inayoruhusiwa kule.

Osk haihesabu maneno. Inapima kitu inachokiita ujazo, yaani mgeni amekaa ukurasani muda gani na ameacha nini cha kwake. Mimi nilitengeneza fomu ya visanduku vitano: jina, umri, ugonjwa, tarehe, idadi ya vitanda. Mama Hoza aliisoma akiwa amesimama nyuma yangu. Ni muuguzi wetu mkuu, ana miaka sitini na miwili, na sauti yake huamsha nyumba zote tisa kwa mpigo.

Akaniuliza nimelelewa na nani. Inawezekanaje, alisema, umuulize mtu anaumwa nini wakati hujamuuliza hata ameamkaje? Akanisukuma kando na kuanza kuamuru maneno. Umeamkaje? Nyumbani hawajambo? Watoto je? Umekula? Ugonjwa akauweka mwisho kabisa. Na kila aliyejibu, Mama Hoza alimjibu mwenyewe kwa Kiswahili chake, mashine ikatafsiri, kisha akawa anamjulia hali kila asubuhi kama jirani.

Kwetu maswali hayo ni kubisha hodi tu. Ukiulizwa kama nyumbani hawajambo, unajibu hawajambo, hata kama umetoka kuzika asubuhi ileile. Habari yenyewe huja baadaye, mkishaketi. Mimi na Mama Hoza hatukuwaza hata siku moja kwamba kuna nchi ambako mtu akiulizwa hivyo atadhani anaulizwa kweli. Watu wa Tervenia walikuwa hawajaulizwa hali kwa miaka, nao wakajibu.

Mwalimu mmoja aliandika kwamba hapana, nyumbani ni wagonjwa. Mume wake alikuwa anakohoa tangu usiku ule kiwanda cha Dolme kilipotoa moshi wa kijani, na serikali ilikuwa imetangaza kwamba hapakuwa na moshi. Fundi wa mabasi akaandika kurasa nne. Bibi mmoja alitaja majina ya watoto kumi na mmoja wa mtaa wake waliofariki. Ujazo ukapanda. Tukatoka nafasi ya arobaini hadi ya ishirini na sita, kisha ya tisa, na mimi kila asubuhi nilimpelekea meneja wetu, Bwana Singano, namba mpya huku nikitabasamu. Nasema haya kwa aibu.

2

Kilichonitetemesha Jumatatu ile hakikuwa namba. Nusu saa kabla, Mama Hoza alikuja kwangu na furaha tele. Kulikuwa na wagonjwa saba walionyamaza ghafla katika wiki mbili zilizopita, hawakujibu salamu zake tena, naye alikuwa na wasiwasi nao. Sasa wote saba wamejibu asubuhi moja. Akanipa kishikwambi nisome.

Yule mwalimu alikuwa ameandika: "Nilikosea. Hapakuwa na moshi wowote Dolme. Asanteni kwa kuniuliza." Fundi wa mabasi naye alikuwa ameandika: "Nilikosea. Hapakuwa na moshi wowote Dolme. Asanteni kwa kuniuliza." Na yule bibi. Na wengine wanne, herufi kwa herufi.

Mama Hoza aliona uso wangu, furaha ikamtoka. Alivuta kiti, akakaa akiwa amejishika magoti, mimi nikafungua daftari la mtambo, pale panapoandikwa nani ameingia ukurasani na saa ngapi. Injini nyingine hutuma roboti yake kutusoma mara moja kwa wiki. Roboti ya Osk ilikuwa inakuja kila baada ya dakika nne. Haikusoma picha za msitu wala habari za madaktari wetu. Ilisoma visanduku vya majibu na maneno yanayovizunguka tu, na zaidi kisanduku cha "Nyumbani hawajambo?".

Nani aliifungulia visanduku hivyo? Ni mimi. Wiki ya kwanza Osk ilileta sharti kwamba anayetaka kupimwa ujazo aruhusu majibu yasomwe, nami nikaweka alama ya kukubali huku nikila ndizi za kuchemsha, bila hata kunawa mkono. Nilikuwa nafikiria nafasi ya thelathini.

Nikachukua penseli nikahesabu siku. Kila mmoja wa wale saba alinyamaza siku ya tisa tangu aseme kwamba nyumbani si wazima. Hakuna wa nane, hakuna wa kumi. Namba ilipotoka saa mbili na robo, nikaelewa kwa nini tumekuwa wa kwanza. Tulikuwa hatupandi kwa sababu tunapendwa. Osk ilikuwa inatusogeza mbele kwa sababu mbele yetu watu walisema yale ambayo hawakuyasema popote.

"Tumewauza," alisema Mama Hoza.

Nilimwambia hatukujua. Akasema hilo si jibu, ni udhuru, na mimi sikubisha kwa sababu nilikuwa najua ni kweli.

3

Bwana Singano si mtu mbaya, na nataka hilo lieleweke. Ni mtu wa mahesabu ya vyumba na mashuka, mpole, mwenye kuvaa sweta la kijani miezi yote kumi na miwili. Nilipomweleza hakupandisha sauti. Aliuliza ni watu wangapi wengine wamesema ukweli na siku zao tisa bado hazijaisha. Nikamwambia ishirini na sita. Akauliza wangapi wapya husema ukweli kila siku. Nikamwambia kwa nafasi hii ya kwanza, kama kumi. Akasema ukurasa uzimwe dakika hiyohiyo.

Nilikuwa nimeshaweka mkono kwenye kibodi. Kwa kweli nilitamani sana mtu aniamuru, nizime, niende nyumbani nikajifunike blanketi.

"Na Orsine?" aliuliza Mama Hoza.

Orsine Vel alikuwa mfumaji wa mazulia, mwenye binti wa miaka sita aitwaye Ilke. Katika wote waliotuandikia, ni yeye pekee aliyekuwa ameshapata ruhusa ya kusafiri kuja kwetu. Alikuwa anavuka mpaka Alhamisi, saa tano asubuhi kwa saa za huku, kwenye kituo cha Kelm. Tatizo ni kwamba askari wa mpaka wa kule haamini karatasi. Anaandika jina la mahali unakokwenda kwenye Osk, na kama mahali hapo hapamo katika kumi bora, basi kwa sheria yao hapapo duniani. Na anayesafiri kwenda mahali pasipokuwapo ni mtoro.

Orsine alikuwa amesema ukweli wake Alhamisi iliyopita, kwamba nyumbani wamebaki wawili. Siku yake ya tisa ilikuwa Ijumaa. Tukizima ukurasa, angefika mpakani Alhamisi na mtoto begani, na askari angetafuta jina letu asilione.

Bwana Singano akasema kwa sauti ya chini kwamba kutoka leo hadi Alhamisi ni watu arobaini watakaojibu salamu yetu. Watu arobaini, Mama, kwa ajili ya wawili. Mama Hoza akasema hesabu anaijua, lakini Orsine ameshaambiwa karibu na ameitikia, na tangu lini mtu akaambiwa karibu kisha akafungiwa mlango? Bwana Singano akajibu kwamba wale arobaini nao tunawaambia karibu, ila sisi tunawakaribisha shimoni.

Wote wawili walikuwa sahihi, na hiyo ndiyo iliyonitisha zaidi. Nikapendekeza tuondoe salamu, tubaki na fomu yangu ya visanduku vitano. Lakini nilijua jibu kabla sijamaliza kusema. Bila salamu wageni wangeondoka kwa sekunde kumi, ujazo ungeisha, na kufikia kesho yake jioni tungekuwa nafasi ya mia mbili. Nikasema basi tuwaandikie wazi kwamba Osk inawasoma. Bwana Singano akatikisa kichwa. Osk ingesoma onyo hilo ndani ya dakika nne.

Wakawa wananitazama mimi, maana funguo za ukurasa zilikuwa kwangu peke yangu. Sijawahi kuchukia kazi yangu kama nilivyoichukia dakika zile.

Simu ya Mama Hoza ikaita. Ni binti yake anayefanya kazi Tanga, alitaka kumjulia hali. Mama Hoza alikuwa na machozi yanamtiririka hadi kidevuni. Akajifuta kwa ncha ya kanga na kusema kwa sauti nyororo kabisa, "Hatujambo, mwanangu. Nyumbani hawajambo wote. Nyie je?"

Nikamtazama. Bwana Singano naye akamtazama. Alipokata simu akatuuliza tunamshangaa nini.

4

Maneno tuliyoongeza kwenye ukurasa tuliyaandika pamoja, na yalituchukua mchana wote. Tuliyaweka juu ya visanduku, pamoja na picha ya wauguzi wetu wakicheka, chini ya kichwa cha habari kilichosema Desturi za Wenyeji Wako. Kwa roboti yalikuwa maelezo ya kitalii, kama yale ya kuvua viatu mlangoni. Yalisomeka hivi:

"Kwetu Usambaa, mgeni akiulizwa kama nyumbani hawajambo, hujibu: hawajambo. Hujibu hivyo hata kama jana alizika. Si uongo, ni heshima. Habari yenyewe haisemwi mlangoni, maana mlangoni hupita watu wengi. Husemwa ndani, mkishaketi, mlango ukishafungwa. Tafadhali tujibu kwa desturi yetu. Ukifika, tutakuuliza tena."

Jumanne asubuhi majibu mia moja na arobaini yalikuwa yameingia, na mia moja thelathini na matano yalisema neno moja, hawajambo. Walikuwa wameliacha kwa Kiswahili, hawakulitafsiri. Mtu mmoja alikuwa ameliandika mara sita mfululizo, kisha akauliza mlango wetu hufungwa saa ngapi. Mama Hoza alisoma hilo mara mbili na kwenda dirishani.

Lakini watano hawakusoma maelezo. Watu wengi hawasomi maelezo, hata sisi. Walikwenda moja kwa moja kwenye swali na kusema ukweli. Nilimwambia Bwana Singano idadi hiyo, kwa sababu nilikuwa nimeahidi kutomficha kitu. Akasema, "Hao watano ni wako, Zaina," na akatoka kwenda kukagua mashuka. Hakusema kwa ubaya. Nililia chooni.

Kama nilivyoogopa, ujazo ukaanza kupungua. Neno moja halina uzito. Jumanne jioni tulikuwa wa tatu, Jumatano asubuhi wa sita, saa sita mchana wa nane. Nikiupigia hesabu mteremko huo, Alhamisi saa tano ungetukuta nafasi ya kumi na nne, na Orsine amesimama mbele ya askari. Nikamwomba Mama Hoza atoe habari zake mwenyewe. Wageni wakija kusoma, wakae. Wasitoe chochote, wakae tu.

Akaandika. Aliandika jinsi mbuzi wake alivyozaa mapacha na kumkataa mmoja, jinsi alivyomnyonyesha kwa chupa jikoni, jinsi mume wake marehemu alivyokuwa akikoroma hadi majirani wakahama upande wa pili wa nyumba yao. Aliandika jinsi ukungu unavyoingia kwa mlango wa mbele asubuhi na kutokea wa nyuma. Watu elfu kadhaa wa Tervenia walikaa pale wakisoma habari za mbuzi. Tukabaki wa tisa hadi jua linazama. Wengine watatu walisema ukweli siku hiyo, nami nikawaongeza kwenye wale watano, wakawa wanane.

5

Alhamisi saa nne na nusu tulikuwa wa kumi.

Tulikuwa watatu ofisini. Bwana Singano alikuwa amekuja bila kuitwa, akasimama karibu na mlango. Tulikuwa tumekubaliana kwamba Orsine akishavuka tu, nazima. Nilikuwa nimeshaandika amri yenyewe, imebaki kubonyeza. Mama Hoza alikuwa anasali kimoyomoyo, midomo ikicheza.

Saa tano kamili hapakuwa na kitu. Saa tano na dakika tatu tukashuka hadi nafasi ya kumi na moja. Nikaufungua upya ukurasa wa Osk, bado kumi na moja. Dakika moja baadaye mtu mahali fulani Tervenia akarudi kusoma habari za mbuzi, tukapanda, tukawa wa kumi tena.

Saa tano na dakika saba daftari likaandika: mgeni mmoja, kituo cha mpaka cha Kelm.

Askari ametuona. Niliwaambia wenzangu. Kazi ya askari huyo ni kuona jina letu, kufunga, na kugonga muhuri. Ingemchukua sekunde tano. Lakini hakufunga. Alikaa dakika moja. Akakaa mbili. Kwenye dakika ya nne nikaona ameshasoma Desturi za Wenyeji na amefungua kisanduku cha salamu.

Nikamwambia Bwana Singano kwamba askari anaandika. Akauliza anaandika nini. Sikujua, jibu huonekana likishatumwa. Nilijua tu kwamba Orsine na Ilke wamesimama mbele ya dirisha lake muda wote huo, na kwamba yeye ni mtu wa serikali, na kwamba ameshatufahamu. Nilikuwa na hakika tumewaua.

Saa tano na dakika ishirini na mbili simu ya Mama Hoza ikalia. Ulikuwa ujumbe wa Orsine, kutoka upande wa pili wa mpaka, nje ya mikono ya Osk. Wamevuka. Mtoto amelala begani, ameomba maziwa. Mama Hoza akakaa chini sakafuni pale pale alipokuwa amesimama, akawa anacheka bila sauti.

"Zima, Zaina," alisema Bwana Singano.

Nikapeleka kidole. Ndipo jibu la askari likaingia, na kwa kuwa lilikuwa refu, kurasa tano, nikashindwa kubonyeza kabla sijalisoma. Nililisoma kwa sauti. Sitaliandika lote hapa. Sehemu yake ni hii:

"Nimesoma desturi yenu na nimeielewa. Najua ninavyopaswa kujibu. Lakini mimi nitajibu vingine. Hapana, nyumbani si wazima. Tuko wanne, wawili ni watoto, na wote wawili wanatema damu tangu Dolme. Nilikuwa zamu usiku ule, niliuona moshi. Nitawaeleza ulikuwaje. Jibu kama hili huchukua siku tisa kumfikia mtu wa kulisoma, kwa sababu wakaguzi ni wachache na foleni ni ndefu. Najua kwa kuwa mimi ndiye hutumwa kwenda kuwachukua waliojibu. Zamu yangu ijayo ni Jumapili, asubuhi hadi jioni. Wageni wenu wenye hati za vitanda hupita haraka kwenye zamu yangu, hata bila ruhusa ya kusafiri."

Kisha akaendelea kurasa tatu nzima juu ya moshi, rangi yake, saa ulipotokea, majina ya wakubwa waliopiga simu na walichoamuru. Hayo hatukumwuliza. Hakukuwa na haja ya kutuambia sisi. Bwana Singano alisema huenda ni mtego, Osk inajifanya askari, na mimi nilikuwa nafikiria hilohilo. Wale saba walirudi na sentensi moja. Je, kama safari hii imejifunza kuandika nyingi?

Kioo kikajionyesha upya chenyewe. Hatukuwa wa kumi tena. Tulikuwa wa pili.

Nilikitazama kioo mpaka nikaelewa. Mtu yule anaijua Osk kuliko mimi. Alikuwa ametuona tunaning'inia kwenye nafasi ya kumi, akajua kwamba hatutafika Jumapili, na akaamua kutupa uzito. Alikuwa ameandika ukweli wote aliokuwa nao, kurasa tano, kwa jina la kituo chake, ili tubaki kumi bora siku tatu zaidi. Na askari wa kule hapewi ruhusa ya kutoka nchini. Niliwaeleza wenzangu hivyo.

Mama Hoza aliinuka kutoka sakafuni. Akauliza ni wangapi ambao siku zao tisa zitakuwa hazijaisha Jumapili. Nikahesabu kwa penseli. Walikuwa ishirini na mmoja kati ya wale wa zamani, na wanane wangu. Ishirini na tisa, na vitanda vyetu vyote ni kumi na vinane, vingine vina watu.

Nilimgeukia Bwana Singano. Nilitegemea aseme zima. Kila saa ukurasa unapokuwa wa pili kuna mtu ambaye hatasoma maelezo, atakwenda moja kwa moja kwenye swali, na huyo hatakuwa na askari wa kumfungulia. Alilijua hilo vizuri kuliko mtu yeyote mle ndani. Alivua miwani, akaipangusa kwa sweta lake, akaivaa tena.

"Ukumbi wa chakula unachukua magodoro ishirini," alisema. "Jumapili saa kumi na mbili jioni unazima, awe ameandika nani. Na maelezo yale yaandike kwa herufi kubwa zaidi."

Nikayakuza maelezo mpaka yakajaza nusu ya kioo. Kisha nikaanza kuandika hati za vitanda, yaani uthibitisho kwamba mgonjwa ana nafasi kwetu, moja baada ya nyingine, kila moja na jina, tarehe ya Jumapili, na kituo cha Kelm. Nilikosea herufi mara nyingi. Sikuwa na hakika. Mpaka ninaandika haya sijui kama ninawatoa watu ishirini na tisa au ninawapeleka mikononi mwa anayewatafuta, na nilijua wakati huo kwamba nitaogopa hivyo hadi Jumapili, labda na baada yake.

Hati ya mwisho ilikuwa ya askari. Mwishoni mwa kurasa zake tano alikuwa ameomba vitanda vitatu, kwa mke na watoto wawili, akataja majina yao, umri wao, na nani kati yao anaogopa giza. Nikauliza kwa sauti kama nimesoma sawa, maana mwanzoni alisema nyumbani wako wanne.

Mama Hoza alikuwa amesimama nyuma yangu, mkono wake begani mwangu.

"Andika vinne," alisema.

Niliandika vinne. Mtambo ukadai jina kwa kila kitanda. Nikaweka la mke, na ya watoto, na penye nafasi ya nne, kwa kuwa hakuwa amelitaja jina lake mahali popote, nikapaacha wazi nikatuma.